Waserbia kwenye foleni ya Busia

Juzi, kwenye foleni ya mpakani Busia, redio ya afisa ilisema chama cha Waserbia walio wachache kule Kosovo kinagomea namba za magari za serikali ya Kosovo, maana kukubali kibao chake ni kukubali kuwa ni nchi.

"Kibao tu?" akacheka mama muuza samaki mbele yangu, akifungua pochi. Vikaanguka vitambulisho viwili, cha Kenya na cha Uganda.

Afisa akavidaka. "Mama, chagua kimoja. Kingine nachukua."

"Afande, mimi Msamia, kabila la pande zote za mpaka. Dada ameolewa huku, mama amezikwa kule. Nimkane nani?"

Afisa akauma mdomo, akavirudisha, akanigeukia. "Na wewe, mzee?"

"Mkenya," nikajibu, nimeikumbatia Biblia. Wenzetu wa Kosovo wanakataa kibao kimoja. Mimi, Mungu anisamehe, kitambulisho cha pili nilikuwa nimekificha humo, penye Amri Kumi.