Mpishi wa Karani Edouard

Karani Edouard wa Kindu hakuzaliwa karani, wala hakuzaliwa Edouard. Alizaliwa Zuberi, kule Kibombo, mtoto wa pekee wa Aziza, mjane aliyelima mpunga na kuutwanga kwa mikono yake mwenyewe. Mapadri walipopita kutafuta watoto wa kusoma, Aziza, Mwislamu tangu kwa babu zake, alikaa siku tatu hasemi na mtu. Siku ya nne akamfungia mwanawe mchele na samaki mkavu, akamwambia aende, na wakimpa jina jingine alipokee. Yeye atamwita kama alivyomzaa. Majirani walimsema wee, mpaka wakachoka.

Basi kijana akaenda, akasoma, akabatizwa, akakulia mbali na macho ya mama. Kila akirudi likizo alikuwa amerefuka, na maneno yake yamepungua. Alipofika miaka ishirini na miwili alipata kazi Kindu, katika ofisi moja ya serikali, ya kushika daftari la watu wa mji. Enzi zile za Mbelgiji mtu mweusi hakuingia mjini hivihivi. Lazima awe na karatasi, na karatasi iseme anafanya kazi gani na analala kwa nani. Asiye nayo alirudishwa kijijini. Mwandishi wa karatasi hizo alikuwa Edouard. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana, na mwenyewe alijua.

Walimpa nyumba ya matofali katika mtaa wa Mikelenge, vyumba viwili na jiko la nje. Mwaka wa 1951 Aziza akashuka kwenye treni na kuku wawili, mchi wa kutwangia, na ruhusa ya wiki mbili. Alisema amechoka kuongea na kuta. Anataka kukaa alipo mtoto wake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sitaki mtu aniambie ni kosa la Wazungu peke yao. Mama kukaa mjini kulikuwa na njia yake: barua kwa chifu, barua kwa bwana mkubwa, na kungoja miezi. Lakini Edouard alikuwa ameomba kadi ya sifa, ile ya weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na tume ilikuwa njiani kuja kumchungulia nyumbani: analalia shuka gani, anakula kwa uma au kwa mkono, amejaza jamaa wa kijijini au hapana. Na Aziza alikuwa na chale usoni, alizoea kukaa chini, Kifaransa hajui hata cha kuombea maji. Karani akafungua daftari, akaandika kwa ule mwandiko wake: Aziza, mpishi. Akamwandikia na karatasi hivyohivyo, akagonga muhuri.

Alimweleza mama kwa kuzungukazunguka, jasho likimtoka. Ni karatasi tu, kadi ikitoka atarekebisha. Aziza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na si kweli? Tangu uzaliwe, nani alikupikia?"

Edouard naye akacheka. Alilala vizuri siku ile, mjinga yule.

Tume ilikuja asubuhi, Wazungu wawili na mwalimu mweusi mwenye miwani. Walifungua kabati, wakainua shuka, wakasoma migongo ya vitabu. Aziza akaleta kahawa kwenye sinia, akamimina bila kumwaga hata tone. Wiki nzima alikuwa amejizoeza kusema "bwana". Kazi ilipokwisha ilimpasa atoke, lakini Mzungu mkubwa alikuwa anamsifu Edouard, na Edouard anajibu Kifaransa kinamtoka kama maji. Aziza akasimama mlangoni, sinia kifuani, anamtazama mwanawe, machozi yakimlengalenga. Nani asingesimama? Mzungu akageuka, akauliza kwa kicheko mbona mpishi anamkodolea macho bwana wake namna hiyo. Wote watatu wakamtazama Edouard. Neno moja tu lingetosha pale.

Edouard alicheka pamoja nao. Kisha akamgeukia mama yake.

"Rudi jikoni," akasema.

Aziza akainamisha kichwa, akaenda.

Wageni walipoondoka Edouard alitenga sahani mbili mezani, akamvutia mama kiti. Aziza akasema ameshakula. Kesho yake vilevile. Hakuwa amenuna, angenuna ingekuwa nafuu. Aliendelea kumtania na kumwuliza habari za kazi, ila aliuliza akiwa mlango wa jikoni, na chakula alikula hukohuko. Edouard akimsihi, alijibu kwamba akizoea meza atakuja kukosea siku wageni wakirudi. Hata jina la Zuberi likampotea kinywani. Wakiwa wawili tu alimwita bwana karani, na mara ya kwanza Edouard alidhani ni utani.

Kadi ilitoka. Daftari lilikuwa lake, kalamu yake, muhuri uko mezani. Kufuta neno moja na kuandika jingine ni kazi ya dakika moja. Lakini kadi bado mpya, watamwuliza kwa nini alidanganya. Ngoja Pasaka ipite. Ngoja bwana mkubwa huyu abadilishwe. Mwaka na nusu ukapita hivyo. Alikuwa anaona haya, basi, hakuna zaidi, na mwenyewe aliita uangalifu.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikamshika Aziza kifua. Alificha, anapika huku anakohoa, mpaka asubuhi moja Edouard akamkuta ameanguka kando ya mafiga. Alimpakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa kitambaa mgongoni pake kama yeye alivyobebwa utotoni, akakanyaga mpaka hospitali. Joto la mwili wa mama lilipenya shati. Karani mwenye kadi alilia barabarani mchana kweupe, na hakujali nani anamwona.

Pale barazani palikuwa na masere, mtawa wa Kizungu, anaandika wagonjwa. Akamwuliza huyu ni nani kwako.

"Huyu njo mama yangu," Edouard akasema, na baraza zima likasikia.

Aziza akafumbua macho. Akaona vazi jeupe, uso mweupe, kalamu. Akadhani hofu imemtelezesha mwanawe ulimi, na sasa atapoteza kila kitu. Akajikaza, akainuka kwa kiwiko.

"Hapana, masere. Bwana iko na huruma tu. Mimi niko mupishi wake."

"Mama, acha. Imekwisha, acha."

Lakini Aziza alikuwa tayari anafungua pindo la nguo yake. Akatoa karatasi, akampa masere. Mwandiko mzuri, muhuri wazi. Masere akamwambia Edouard kwa upole kwamba mabwana wenye moyo kama wake ni wachache, ila wodi ya wanawake huingia ndugu wa damu tu. Akamwuliza Aziza kama ana mtu. Aziza akajibu anaye mtoto mmoja, Zuberi, alibaki Kibombo.

Edouard alibisha, akaapa, akapiga magoti, mpaka mlinzi akaitwa. Alishinda barazani siku mbili, ukuta mmoja tu kati yake na kikohozi kile, na uchungu aliokuwa nao siwezi kuusema. Asubuhi ya tatu alikimbilia ofisini kabla mtu hajafika. Akafuta, akaandika mama, akagonga muhuri. Ilikuwa kazi ya dakika moja kweli. Akarudi mbio na karatasi mpya mkononi.

Masere alimpokea mlangoni. Akamshika mkono, akamwambia mpishi wake amefariki alfajiri, na kwamba tangu jana alikuwa akimwita yule mtoto wake.

"Zuberi ule, unamujua?"

Edouard akafungua kinywa. Karatasi aliishika bado, lakini hakumpa.

"Namujua, masere."

Masere akamwomba ampelekee habari, maana si vizuri mtoto asikie kifo cha mama yake kwa watu wa njiani. Edouard akasema atampelekea.