Kitambaa cha Wambui

Mwenzangu darasani, Wambui, amepoteza mradi wake wote wa mtihani leo, na mimi ndiye niliyeharakisha mambo.

Ulikuwa kwenye kompyuta ya Macintosh ambayo shule yetu ilipewa kama msaada. Mwalimu aliutaka kwenye kompyuta yake ya Windows kabla ya chakula cha mchana.

Faili zake ndogo ndogo zilikuwa zinatambaa kwenye waya uliounganisha kompyuta hizo mbili. Nikazifunga zote kuwa faili moja, na mwendo ukaongezeka!

Kwa furaha, faili ikiwa bado inahama, Wambui akaifunika Macintosh kwa kitambaa alichofuma, vile wanavyofunika TV kwao Mukurweini.

"Kariuki, vumbi itaiua hii," akaniambia.

Ikashika joto, ikazima. Haijawaka tena.

Ile faili moja imefika nusu. Haifunguki.

Ningeziacha zitambae, zilizofika zingefunguka.

"Ati hata ukurasa mmoja haukufika?" Wambui akaniuliza.

Nyinyi mngemjibu nini?