Kanzu ya Baba Ilivyopanda Gari la Moshi

Goma hatuna treni. Tuna mlima unaotema moto, tuna ziwa, tuna chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinazoteremka na magunia ya makala, yaani makaa ya kuni, bila breki za kuaminika, lakini reli hatuna hata kipande. Kwa hiyo mtu wa Goma kupenda treni ni kama kipara kupenda kitana. Mke wangu ameniambia hivyo mara nyingi, tena mbele ya wageni.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa baba. Yeye alizaliwa Kindu, karibu na stesheni. Mama yake alikaanga vitumbua, na kila gari la moshi liliposimama, baba alipanda mabehewa na sinia kichwani akiwauzia abiria. Filimbi ikilia, anashuka. Utoto wake wote ulikuwa huo: kupanda, kuuza, kushuka. Treni ilimpeleka kila mtu mahali, isipokuwa yeye.

Baadaye maisha yalimleta Goma, akaendesha lori la maharage kutoka Kiwanja mpaka mgongo na macho vikagoma. Lakini ukimsikiliza, utadhani lori hakuwahi kuliona. Habari zake zote ni treni: jinsi inavyohema, jinsi inavyonuka, jinsi ardhi inavyotetemeka chini ya nyayo kabla hujaiona. Wazee wenzake wa msikitini wamemchoka. Mmoja, jirani yetu, humpitia kila siku wakati wa sala, na kabla ya salamu anamchokoza: "Muzee wa treni! Ulipandaka wapi, ukafika wapi?" Baba, ambaye ana jibu la kumkata hata imamu, kwa swali hilo hutafuta viatu vyake kimya kimya.

Basi dada yangu mdogo, anayeishi Ubelgiji, akanialika. Visa ilinitoa jasho, hilo niliache. Akaniambia amenunua tiketi mbili za treni ya zamani, ya makaa ya mawe na mvuke, inayoendeshwa Jumapili na watu wanaoipenda tu. Nilimpelekea baba habari hiyo mbio, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Baba alimwita mke wangu, akamwambia alete kanzu yake ya Ijumaa.

Hapa lazima nieleze. Goma vumbi letu ni jeusi, kwa kuwa tunatembea juu ya lava iliyosagika. Mtu akivaa nyeupe, majirani hawamtazami usoni, wanatazama pindo. Kanzu ya baba ndiyo nyeupe kuliko zote katika mtaa wetu. Mke wangu huiloweka, huisugua, huitia bluu, huianika ndani ili upepo usiiguse. Kugusa kanzu ile na vidole vya ugali ni kutafuta talaka.

"Utavaa hii mu treni," baba akasema. "Ikipanda hii, ni mimi niko napanda. Na yule muzee jirani atafunga kinywa."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

"Papa, kule kuko baridi," nikajaribu.

"Uvae masuruali mbili ndani. Kanzu ikae juu. Na inirudilie."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Ubelgiji, asubuhi ya Jumapili, kwenye stesheni ndogo ya matofali, nikiwa na suruali mbili, kanzu ya mzee na kofia ya kushonwa kwa mkono. Koti nililivua nilipofika. Kanzu haiwezi kupanda treni ikiwa imefichwa chini ya koti kama abiria asiye na tiketi. Mwanamke mmoja aliomba kupiga picha na mimi. Sijui alidhani mimi ni mfalme wa wapi, nami sikumharibia siku.

Kwenye reli walikuwapo wazee wa kizungu wenye ovaroli, weusi kwa masizi kuliko mimi kwa ngozi. Nikamuuliza dada yangu kama kampuni haiwapi pensheni.

"Yaya, hao bote beko na pensheni yao," akasema; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Yule mwenye kepele kichwani ni munganga wa meno. Yule mwingine alikuwaka mukubwa wa banki."

"Na hapa wanalipwa?"

"Wanalipa beye wenyewe. Wanalipa ili wachafuke."

Kwetu, kwenye reli ile ya Kindu, kazi hiyo hiyo ilifanywa na watu wetu, kwa miguu mitupu, na hakuna aliyekuja na familia yake kuwapiga picha. Nilikasirika, kweli nilikasirika. Kisha mashine ikapumua mvuke kando yangu, na hasira yangu yote ikanikimbia, nikabaki nimeachama.

Tukaketi dirishani. Treni ikavuta, behewa likatikisika, na mara moshi ukaingia. Makaa ya mawe yananuka kiberiti. Mimi sikujua hilo. Baba alisema yananuka, hakusema nini. Mtu wa Goma akisikia ardhi inatetemeka na hewa inanuka kiberiti, hafikirii, anakimbia. Nilisimama nikiwa nimeshika mfuko na pasipoti, natafuta njia ya kwenda Sake, tunakokimbilia mlima ukilipuka. Nikageuka kumvuta dada yangu: naye amesimama, mkoba kifuani, viatu mkononi. Amekaa Ulaya miaka, ana uraia, ana mkopo wa nyumba, lakini mlima ulikuwa bado uko ndani yake.

Tulitazamana. Abiria wengine walikuwa wametoa vichwa nje, macho wameyafumba, wanavuta ule moshi kama marashi ya bibi harusi. Tukaketi polepole, tukacheka mpaka machozi.

Kisha nikaitazama kanzu. Kwenye bega palikuwa na punje nyeusi. Kwenye mkono, nyingine mbili. Nikaomba mfuko wa plastiki wa takataka, nikaupasua, nikauvaa. Dada yangu aliona aibu akahamia kiti cha mbele. "Ukipenda boga, upende na ua lake," akaniambia bila kugeuka. Rahisi kusema ukiwa hukuazima boga la mzee.

Baada ya muda treni ikasimama kijijini. Nikauliza hapa ni wapi. Si popote. Mashine inanywa maji, inafunguliwa toka mabehewani, inafungwa upande wa pili, watu wanakunywa bia, halafu tunarudi tulikotoka. Yaani safari nzima haimpeleki mtu mahali! Baba alipanda na kushuka palepale kwa sababu ya umaskini, hawa wanafanya hivyo kwa kununua tiketi.

Nilikuwa nimesimama karibu na mashine, ndani ya mfuko wangu wa takataka, yule daktari wa meno aliponiita. Akaniuliza kama nataka kurudi pamoja nao, mbele, kwenye moto.

Nataka? Nilikuwa tayari nimeinua mguu. Lakini kanzu. Nikafikiri: mabehewa baba aliyapanda. Mbele kule hakufika, hata na sinia. Nikauvua mfuko, nikapanda.

Sitasimulia yote, kwa kuwa mke wangu anasema nikianza simalizi. Walinipa sepetu, nikarusha makaa, nusu yakaingia motoni na nusu yakaanguka juu ya viatu vya mkubwa wa benki. Walinipa kamba ya filimbi. Niliivuta kwa ajili ya Kindu, kwa ajili ya vitumbua, kwa ajili ya yule jirani na swali lake, nikaivuta mpaka ng'ombe malishoni wakatawanyika na daktari akanishika mkono kwa upole. Nililia. Niliwaambia ni moshi.

Niliposhuka, dada yangu aliziba kinywa kwa kiganja. Kanzu ilikuwa kama ya mtu aliyebebwa ndani ya gunia la makala kutoka Mugunga.

Jioni ile hatukula. Tuliiloweka, tukaisugua, tukaitia kwenye mashine, tukaitoa, tukaitia tena. Tukampigia simu mke wangu, ambaye kwanza alipiga kelele, kisha akatoa maelekezo kama jenerali. Tukatafuta bluu katika duka la Wahindi. Ilitoka nyeupe kuliko ilivyoondoka Goma, na nakiri nilijisifu kwa weupe ule kuliko kwa treni. Nikaikunja ndani ya karatasi laini, nikapanda nayo ndege, nikavuka nayo mpaka wa Rwanda pale Gisenyi imelala mkononi kama mtoto mchanga.

Baba alikuwa barazani. Macho yake siku hizi yanaona ukungu tu, kwa hiyo alinyoosha mikono. Nikampa kanzu, mke wangu kasimama nyuma yangu anangoja sifa. Baba akapapasa bega, akapapasa mkono, akapapasa pindo. Kisha akaiinua mpaka puani.

Akaigeuza upande wa pili, akarudia.

"Inanuka maua," akasema.

"Tuliifua, papa. Ilikuwa nyeusi tititi."

Akaikunja, akaiweka magotini. "Kumbe na weye ulishukaka kabla haiyaanza kutembea."

Nikaapa. Nikatoa picha. "Mu telefone hata mulevi anafananaka sheikh," akasema, na hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umeanguka, nami nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele yake. Mke wangu alikuwa anatazama dari.

Nikaingiza mikono kwenye mifuko ya koti la safari, ambalo nilikuwa sijalivua, kwa kukosa pa kuiweka, na ndani nikakuta leso. Ile niliyojifutia uso kule kwenye moto, na mpini wa sepetu, na machozi yasiyokuwa ya moshi. Ilikuwa nyeusi, ngumu, imekauka kama dagaa. Mke wangu, kwa mazoea, akanyoosha mkono aipeleke kwenye beseni. Baba alimwahi. Sijui aliionaje.

Akainusa. "Hii si mulima?"

"Si mulima, papa."

Akanusa tena, taratibu. "Mulima haina mafuta," akasema mwenyewe. Akaitandaza leso usoni, yote, kuanzia paji mpaka kidevu, akaegemea kiti, akakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili kama anayetafuta mtetemo. Masizi yakamdondokea ndevuni, nyeupe zile.

Langoni yule jirani akaita, wakati wa sala umefika: "Muzee wa treni! Twende!"

Nikainuka nimfungulie.

"Rudi, ikala," baba akasema chini ya leso. "Treni haiyafika."