Pingamizi la Khaemba na Mkataba wa Barafu

Miaka ishirini na miwili Khaemba alifagia maktaba moja mjini Kitale, akilala mtaa wa Kipsongo katika chumba cha mabati. Shule aliiacha darasa la nne. Kiingereza alijifunzia kwenye vitabu vilivyotupwa kwa kuliwa na mchwa, na humo ndimo alimosoma habari za bara la kusini kabisa, kule kwenye barafu, kusiko na kijiji wala mwenyeji. Mataifa yametia sahihi mkataba juu ya bara hilo. Kuna sehemu ambazo mtu haingii bila kibali. Kuna vibanda vya mbao walivyoviacha wavumbuzi wa Kizungu zaidi ya miaka mia iliyopita, ndani yake makopo ya nyama na soksi zilizochakaa, na ukichukua kopo moja umevunja sheria.

"Soksi ya Mzungu ina wakili," alizoea kusema.

Alipozeeka akarudi kwao karibu na Sirisia, akakuta kaunti inataka kujenga soko juu ya chemchemi ya ukoo. Hapo ndipo wavulana hupakwa tope alfajiri, kabla ya kisu cha tohara. Babu yake alipakwa hapo, na baba yake, na yeye. Siku hizi wengi hupelekwa hospitali, wakadungwa ganzi, wakarudi wakinywa soda. Lakini waliojua maana ya tope bado walikuja.

Khaemba akaandika pingamizi kwa mkono, kisha akaenda Bungoma kwa Sharif, mwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na msikiti, amtolee ule mkataba auambatanishe.

"Mzee, hii ni ya Antaktika, bana," Sharif akasema, macho kwenye kompyuta. "Ati unahamia huko?"

"Chapa tu."

"Kurasa thelathini za pengwini! Si useme tu ni matope ya kwenu?"

"Matope ya kwetu hakuna aliyeyaandika. Ya huko yameandikwa."

Akapewa siku ya kusikilizwa, kwenye ukumbi mmoja hapo Bungoma, kwa sharti moja: mwenye pingamizi aseme kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo limeanguka. Wiki nzima alijizoeza peke yake shambani, akiihutubia migomba.

Siku ilipofika alivaa koti. Watu walipokwisha kuingia akasogea mlangoni, akachungulia, mguu ukagoma. Kwenye benchi la mbele, hatua mbili kutoka mahali pa kusemea, alikuwa amekaa Nekesa, mama wa mke wake, bibi wa miaka themanini. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona njiani, huingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Tangu aoe, miaka arobaini na mmoja, Khaemba hakuwahi kuwa naye chumba kimoja.

"Khaemba!" akaita Kipkemboi, afisa aliyeongoza kikao. "Yule mzee wa pengwini yuko wapi?"

Ukumbi ukacheka. Khaemba alisimama nyuma ya ukuta, karatasi kifuani zikilowa jasho. Angeweza kumtuma mtu ndani amwombe bibi atoke. Lakini amtume nani, na amweleze vipi kijana wa siku hizi, anayekula sahani moja na mama mkwe wake? Jina likaitwa mara ya tatu.

"Limeanguka," akasema Kipkemboi. "Tuendelee."

Tingatinga lilikuja mwezi uliofuata. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limemaliza.

Jumapili hiyo mkewe, Emmy, alirudi kutoka kumwona mama yake. Hakuketi.

"Mama anauliza kwa nini hukuingia."

"Anajua kwa nini."

"Anasema alikaa mbele kwa sababu masikio yake yamekufa, na alitaka kukusikia. Leso alikuwa ameishika mkononi. Ungeingia tu, angejifunika uso mpaka umalize."

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Ungeambiwa na nani, Baba Wanyonyi? Kwani mnaongea?"