Likizo Yenye Malipo

Huku Mbinga kila mwenye dada wa kazi anajua: ukimruhusu kwenda kwao Krismasi, zuia mshahara wa Desemba. Akitaka hela yake, Januari atarudi kuifuata.

Mimi nikajifanya mjuaji. Nilimsikia afisa kazi redioni akisema dada wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine: apewe mkataba, achangiwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, aende likizo yenye malipo. Basi binti aliyemlea mwanangu nilimlipa yote, na ya likizo juu yake, nikamsindikiza apande gari la Mbamba Bay, kwao ziwani. Alipokea kwa mikono miwili, kimya, macho chini. Nikadhani ni aibu yake ya siku zote.

"Umempa zote?" jirani yangu aliuliza, jembe begani. "Haya, anza kutafuta mwingine."

Siku ya kurudi ikafika. Gari la ziwani liliingia, watu wakashuka na ndoo zao za dagaa, yeye hayumo. Simu yake haipatikani. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imeisha, kesho yake natakiwa wodini kwenye zamu yangu ya uuguzi, mume wangu yuko kazini mbali, na mtoto analia akibebwa na mtu yeyote mwingine isipokuwa huyo binti. Nisipofika kazini, kazi naipoteza. Nikifika, mtoto namwachia nani? Nikamfunga nepi, huku namsema binti wa watu moyoni maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikapiga namba ya mama yake.

"Shikamoo, mama. Mbona binti hajarudi?"

"Marahaba." Sauti kavu. "Arudi wapi tena? Si umemfukuza?"

"Nimemfukuza?"

"Amekuja na hela zote. Nani humpa dada hela zote kama hajamfukuza? Tangu afike analia tu."

Nikakaa chini na mtoto wangu. Binti akapewa simu, akauliza alikosa nini. Nikamwambia hajakosa kitu, hiyo ni haki yake, na sisi tunamngoja.

"Nitapanda gari la alfajiri," alisema. "Ila mama, safari nyingine usinipe zote. Bakiza hata kidogo, nijue bado mnanitaka."