Roboti Mwenye Spoku Nyongani

Kaka yangu Teodori ni fundi baiskeli hapa Kizwite, ana mvi kichwa kizima, na ukuta wa kibanda chake umejaa roboti wa kuchezea. Si mmoja wala wawili. Ni wale wa plastiki ambao ukiwakunja wanakuwa magari, ukiwakunjua wanakuwa watu wenye vifua vya mraba. Wanatoka chini kabisa ya magunia ya mitumba, pamoja na viatu visivyo na wenzao. Nimemtania kwa ajili yao tangu ujana wetu, naye hunijibu kwamba kila mtu ana ulevi wake, heri huu usiolaza mtu mtaroni.

Jumapili baada ya misa ya pili vijana humletea roboti wao awahukumu. "Shikamoo mzee. Cheki huyu, huyu ni noma!" Kaka haangalii rangi. Humkunja roboti taratibu huku akisikiliza viungo, na akifika mahali panapogoma anaacha hapo hapo. Kwake, anayelazimishwa ameshindwa. Akishakuwa gari, anamwinua juani aone kama kuna upenyo wa mwanga. Hana upendeleo. Christopha, mwanawe wa pekee, aliangushwa katika hukumu hiyo mbele ya wenzake mara nyingi mpaka mama yake, wifi yangu Monika, akanuna.

Sheria moja kaka aliisisitiza kuliko zote: usimwache katikati. Ukimweka chini awe mtu au awe gari, kwa sababu akikaa nusunusu pini zake zinapinda. Christopha alikua na sheria hiyo kama ishara ya msalaba. Hata akiitwa kula, alimaliza kwanza kumkunja. Alikuwa na mmoja aliyempenda kuliko wote, lori jekundu. Nyonga yake ilipovunjika, baba na mwana walikata spoku ya baiskeli wakaifanya pini. Nyonga ya namna ile hana roboti mwingine. Christopha alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, bado anatembea naye kwenye begi, na akikaa bila kazi vidole vyake vilikuwa vikimkunja na kumkunjua.

Alikwenda Kasanga, bandarini kule ziwani, kupakia mizigo, kisha akapanda boti ya mahindi kwenda Kongo. Boti haikufika. Haikuonekana maiti wala ubao. Wengine wakasema upepo uliwasukuma mpaka Zambia, wengine wakaapa kwamba wamewaona vijana wale ng'ambo wakibeba magunia. Maneno hayo ni mabaya kuliko msiba. Msiba angalau una siku ya kuanua matanga.

Kila Novemba, majina ya marehemu yanaposomwa parokiani, Monika alitaka la mwanawe lisomwe pamoja na mengine, naye apate kulia kama wanawake wenzake. Kaka alikataa. "Usimzike mwanangu kwa mdomo," alimwambia. Wakaishi hivyo ndani ya nyumba moja, mmoja akitaka kulia na mwingine akimzuia, na mimi nikipita asubuhi kuwajulia hali nilikuwa naondoka na kifua kizito.

Kaka akawaomba wafanyabiashara wote wa ziwani: mkiona roboti yeyote, chakavu, kiguru, nileteeni. Aliamini nyonga ile ya spoku ikionekana, basi mkono wa Christopha hauko mbali. Wakamletea. Kila aliyeletwa, kaka alimgeuza kwanza aione nyonga, kisha akamtundika ukutani. Watu walidhani mapenzi ya midoli yamemzidi mzee. Mimi nilijua anatafuta, na nilimwonea huruma mpaka huruma yenyewe ikageuka hasira.

Jumapili moja ya Oktoba alikuja Sharon, muuza samaki aina ya migebuka kutoka Kasanga, akatua ndoo yake mbele ya kibanda huku akicheka.

"Shikamoo mzee Teodori! Leo nimekuletea mgonjwa. Wavuvi wamemtoa na nyavu. Nimemsugua weee, nikampaka na mafuta ya kula ang'ae."

Alikuwa mwekundu. Mguu mmoja umekunjwa ndani, wa lori. Mwingine umenyooka, wa mtu. Kichwa kimetoka nusu. Kaka akamgeuza nyonga, na spoku ilikuwepo, imeliwa na kutu.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, mjinga mimi, kwa kuwa kitu cha mtoto wetu kilikuwa kimerudi nyumbani. Vijana walisogea karibu. Kaka akausukuma mguu kwa kidole. Haukusogea. Akajaribu kuurudisha ulikotoka. Haukusogea.

"Huenda alimdondosha tu majini, kaka," nilisema haraka haraka. "Au alimuuza. Au nyavu ndizo zilizompinda."

"Nyavu zingemvunja, zisingemkunja. Kutu imeshika hapa hapa. Alizama akiwa hivi."

"Basi sema si yeye! Wewe si ndiye jaji? Sema humjui!" Nilikuwa nimeshamshika mkono na nalia, mbele ya vijana wale wote, wala sikuona aibu.

Kaka akapitisha kidole kwenye ule mguu uliogoma. "Hellena," akasema, "mwanangu asingemweka chini katikati. Hakumweka chini. Alikuwa naye mkononi, anamgeuza."

Sharon alimuuliza kijana mmoja kwa sauti ndogo kuna nini. Alipoambiwa, alijifunika uso kwa kanga.

Tulimkuta Monika uani akipepeta ulezi. Kaka alichuchumaa mbele yake akampa roboti kwa mikono miwili.

"Mama Christopha," akasema, "nenda parokiani. Mwezi ujao jina lake lisomwe."

Nilijiandaa kumshika wifi yangu, nikidhani sasa ataangua kile kilio alichonyimwa miaka yote. Hakulia. Alifuta mikono, akampokea roboti, akaitazama nyonga. Kisha akaingia jikoni na kurudi na chupa ya mafuta ya alizeti, akammiminia mpaka yakachuruzika.

"Hujamjaribu vizuri," akasema.

"Amegoma, mama."

"Nimesema hujamjaribu vizuri! Kazi yako kuhukumu tu. Sasa unamhukumu mwanangu kwa kutu?"

Akaanza kuusukuma ule mguu kwa vidole gumba vyote viwili, meno ameyauma, mafuta yakimtiririka mpaka viwikoni. Kaka, aliyewafundisha vijana wote wa Kizwite kwamba anayelazimishwa ameshindwa, alikaa chini kando yake na hakumkataza. Spoku ilipokatika tuliisikia sote, naye Monika akaendelea kusukuma.