Mzee Ambilikile Alivyokatikia Hewani

Mpaka leo nikikutana na mtu wa Chimala naangalia pembeni, kwa sababu mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilimuua baba wa mchumba wangu redioni, naye yupo nyumbani kwake anakunywa chai.

Mimi ni fundi mitambo kwenye kiredio kidogo hapa Mbeya. Wiki ile nilikuwa nimeiwekea seva yetu ujanja mmoja: ukibadilisha chochote kwenye mipangilio na kusevu, programu ya kurusha matangazo inajizima na kujiwasha yenyewe, maana zamani nilikuwa nasahau kuiwasha upya na mabadiliko yanalala tu. (Nilijisifu kwa kila mtu, hadi kwa mama anayetuuzia vitumbua.)

Asubuhi hiyo ukungu umeshuka mpaka dirishani, mlima hauonekani, mabati ya majirani yanaelea tu, nami nimeweka simu kimya, nimezima na spika ya chumba cha mitambo, namuwaza mchumba wangu Tumpe, ambaye baba yake alikuwa amekubali nipeleke wazee wangu Jumamosi. Saa ya matangazo ya vifo ikafika, nikaona mshale wa sauti uko chini kidogo. Nikaongeza sauti kwenye mipangilio, nikasevu, nikarudi kwenye ukungu. Bado. Nikaongeza tena, nikasevu, nikamuona Tumpe akipita kandokando ya mashamba ya mpunga na khanga yake ya njano, nikaongeza tena, hivyohivyo mpaka muda ukaisha na kwaya ikaingia. Mshale ulikuwa unacheza, basi nikajua mambo yanakwenda.

Kumbe kila nikisevu programu inaanza upya na kurudi kwenye tangazo la kwanza, lililoletwa alfajiri, ambalo sikuwa nimelisikiliza. Watu wanasikia, "Mzee Ambilikile wa Chimala anasikitika kutangaza kifo cha..." Kimya. "Mzee Ambilikile wa Chimala anasikitika..." Kimya. Sasa kwetu huku, jina likishatajwa saa ile, nani anasubiri mengine? Akina mama wakajifunga khanga, wakabeba unga na kuni, wakaenda kwa mzee kulia.

Simu ya ofisi ikaita. Alikuwa Tumpe.

"Baba amekaa mlangoni, watu wanamlilia huku wanamwona. Umefanya nini?"

Kisha mzee mwenyewe akaichukua simu, taratibu, bila ukali, na hapo nilitamani ukungu uingie ndani unifunike.

"Mwanangu, mimi nipo. Aliyekufa ni dada yangu, kule Idodi. Mpaka sasa hamjamtaja."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimeangalia mshale asubuhi nzima, na marehemu wa watu hakufika hewani hata mara moja.

Nikamwomba alisome tangazo yeye mwenyewe, kwa simu, moja kwa moja hewani. Akalitaja jina la dada yake, na la shemeji yake, na siku ya mazishi, akipumzika katikati kama mtu anayepanda mlima, na mimi nimeikalia mikono yangu yote miwili. Mshale ulikuwa chini kwelikweli. Nikauacha ulale.

"Limefika?" akauliza.

"Limefika, baba."

"Basi Jumamosi hapana, tuna msiba. Tukimaliza matanga mje. Na siku hiyo wewe nyamaza, uwaache wazee wako wamalize sentensi."

Ujanja ule niliutoa siku hiyohiyo. Sasa programu naizima na kuiwasha kwa mkono, matangazo ya vifo yakishaisha, na spika ya chumbani haizimwi, hata ukungu uwe mzuri namna gani.